Mara 114 "Muulize Kankindi": Mama Pudentienne Kankindi Anastaafu

Mama Pudentienne Kankindi anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kulitumikia Shirika la Maji Tuungane, hapa Uvira, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ameitaja mwenyewe, na tumeonywa tusiiache nje. Barua yake ya kustaafu ni ya tatu. Mbili za kwanza Mkurugenzi Hyacinthe Irambona alizirudisha kwa heshima zote, kwa sababu vane zetu za kufungia maji zimefukiwa ardhini na aliyejua zilipo alikuwa mtu mmoja.

Alianza kwa kuosha matangi. Baada ya miaka minne akawa fontenye, mwanamke wa kwanza kwetu kutunza mabomba na kubeba ufunguo wa vane, chuma kinachokaribia kimo chake. Mama ni mfupi. Msomaji akumbuke hilo, tutalihitaji mbele. Akitafuta bomba linalovuja husimika fimbo ya chuma ardhini na kutega sikio kwenye ncha ya juu, huku watoto wa mtaa wa Mulongwe wakimzunguka na kubishana anaongea na nani. Hakosei mara nyingi, na akikosea huandika.

Aliandika madaftari kumi na tisa. Hakufuta neno hata moja: habari iliyopitwa na wakati aliikata kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na pembeni akaweka tarehe na sababu. Aliyegusa bomba bila kuandika aliulizwa swali moja tu, "Weye umebadirisha juu ya nini?", yaani kwa sababu gani, na hapo hapakuwa na pa kukimbilia.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema wahenga, ila hawakutuambia lifanyike nini daftari lenyewe likipotea. Mwaka mmoja mto unaopita mjini ulipofurika, maji yaliingia ofisini na kubeba madaftari kumi na moja. Yaliyobaki tuliyaanika juu ya mawe, na mengi yakakauka meupe, wino umekwenda. Mama alilia mbele yetu, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akilia. Kisha akaomba ruhusa ya siku tatu, akapanda gari la Kamanyola.

Huko anaishi Marie-Jeanne, mtoto wa dada yake, mwalimu wa kompyuta. Wawili hao waliketi wakatengeneza wiki: kurasa za maandishi ya kawaida zilizounganishwa, ukibonyeza jina la mtaa unaona vane zake, ukibonyeza vane unaona bomba lake na historia yake. Chini yake wakaweka Git, programu inayohifadhi kila badiliko pamoja na tarehe, jina la aliyebadilisha na sababu, na ya zamani haipotei. Marie-Jeanne anasimulia kwamba mama yake mdogo alitazama kidogo, akasema, "Hii mashini iko inafanya kama miye," akavuta kompyuta upande wake.

Ilikuwa wiki yake binafsi. Alikuwa akiijaza kwa kumbukumbu, mtaa kwa mtaa, bila kumwonyesha mtu. Tulichungulia, tukaomba nakala, mwishowe akaturuhusu na sisi kuandika. Leo wiki nzima na historia yake yote inakaa ofisini, inakaa Kamanyola, na inakaa kwenye kompyuta ya Mama. Mto ukitaka kuichukua tena, utapanda gari.

Tatizo likawa sisi. Kila tulipokwama, tuliandika kwenye ukurasa: "Muulize Kankindi." Siku moja Mama aliyatafuta maneno hayo, yakatokea mara 114. Alikasirika kwelikweli. Akaandika 114 kwa chaki kwenye mlango wa nyumba ya pompi ya kusukuma maji na kutangaza kwamba namba hiyo ikifika sifuri ataleta barua ya tatu. Ana shamba la mpunga Lubarika na wajukuu wanaomjua kwa sauti ya simu tu, na hakutaka kuzeekea kwenye vane zetu.

Hapa mwandishi wa mistari hii lazima aungame. Ukurasa wa vane 62 ulisema: "Hatua kumi na nne kutoka ngazi za nyumba ya Itangishaka, ukielekea ziwa." Nyumba hiyo ilichukuliwa na mafuriko, kila mtu anajua. Nikafuta mstari mzima, nikaandika "karibu na kituo cha motari", yaani cha waendesha pikipiki za abiria, na penye sababu nikaweka neno moja: "Usafi." Wiki tatu baadaye bomba la vane hiyo likapasuka, zahanati ya mtaa ikakosa maji, na Mama alikuwa Lubarika kwenye mavuno, simu haipatikani. Tulichimba pale kwenye kituo asubuhi nzima, motari wakitushauri kwa ukarimu mkubwa. Ni mwenzetu Noella aliyefungua historia ya ukurasa na kuupata mstari niliofuta. Nyumba haipo, lakini ngazi zake za saruji zipo mpaka leo, muuza nyanya huzikalia. Nikahesabu hatua kumi na nne kwa miguu yangu mirefu, tukachimba pasipo na kitu. Akahesabu Noella, mfupi kama Mama, na koleo likagonga chuma.

Mama aliporudi alisoma lile neno langu. "Usafi iko sababu?" Nilimwomba alifute kabisa, akakataa: "Wacha ikae. Kesho muntu mwengine atataka kufanya usafi." Kuteleza si kuanguka, ila kuteleza kwangu kuna tarehe na jina. Hata hivyo jioni ile alifuta namba ya chaki mlangoni na kuandika ndogo zaidi, akitabasamu. Maji yalirudi zahanati na yeye hayupo. Siku iliyofuata uliongezwa ukurasa mpya: "Hatua moja ya Kankindi ni sentimeta sitini na mbili."

Tarehe 12 Juni namba ilifika sifuri. Barua ya tatu ilikuwa mezani kabla ya saa nne, na Mkurugenzi, aliyekosa kisingizio, aliitia sahihi huku akikohoa sana.

Mama Kankindi, asante kwa maji, kwa swali lako, na kwa kutulazimisha kujua. Mpunga wako uzae, wajukuu wakuchoshe, na afya ikae nawe siku zote. Sisi wenzako tisa tumekuvunjia sheria kidogo. Ukifungua wiki ukiwa Lubarika na kuchukua mabadiliko mapya, utakuta kwenye ukurasa wa kwanza mstari tuliouongeza jana: "Muulize Kankindi." Sababu tumeiandika, tusije tukaulizwa: "Si juu ya vane. Tumeshaanza kukukosa." Ukitaka kuufuta, ufute tu, Mama. Unajua mwenyewe kwamba utabaki humo.

Onesphore Ciza, fontenye, kwa niaba ya wote