Karatasi ya Mbwa Sita

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni Elisha, mlinzi wa jengo kule Jumeirah Village Circle, katika nchi hii ya Waarabu tulikokuja kutafuta riziki. Nasimama mbele yenu na aibu kidogo na shukrani nyingi.

Nilikuwa mtumwa wa mbio za mbwa. Mbwa wenyewe sijawahi kuwagusa. Wanakimbia nchi za mbali, nami niliwafuata kwenye simu. Chumbani kwetu, mtaa wa Naif, wenzangu waliniita Profesa, kwa sababu sikubahatisha. Nilichambua. Nilijua nani anachelewa kutoka kwenye kizimba mbio zikianza, nani akipangwa upande wa nje atagongwa kwenye kona ya kwanza, nani amepungua uzito tangu mbio zilizopita. Yote niliyaandika, na chini nikatia jina langu kwa majivuno. Wenzangu waliweka dau kwa kuamini karatasi yangu. Biblia ilishika vumbi, lakini kilo za mbwa nilikuwa nazo kichwani!

Ndipo mama yangu, kule Dodoma, akaambiwa lazima apasuliwe tumbo. Niliogopa sana. Mnajua desturi yetu hapa: mwenye hitaji anaandika, anakunja, anatia kikapuni, na waombezi wanafunga siku tatu bila kumhoji. Nikaandika jina la mama. Mfukoni nilikuwa na karatasi nyingine, ya mbwa sita wa fainali iliyokuwa inakuja. Kikapu kilipofika nikatia moja, nikaenda zangu kazini na amani tele.

Jumapili iliyofuata Mama Anna, kiongozi wa waombezi, akanifuata mlangoni. Mnamjua, anafanya kazi za ndani, na mapumziko yake ni siku hii moja tu. Akanishika mkono.

"Mwanangu, wale wagonjwa wako sita wanaendeleaje? Yule Bruno aliyepungua uzito, na Jimmy wa mguu?"

Nikaingiza mkono mfukoni mwa koti lile lile la ibada. Jina la mama lilikuwa bado humo. Ndugu zangu, siku tatu Mama Anna alipika kwa madam wake bila kuonja mchuzi, akasemwa kwa kuzidisha chumvi, na yote hayo kwa ajili ya mbwa! Nililia pale pale. Nikamweleza kila kitu.

Nilidhani atanifukuza. Alicheka kidogo, akanyoosha kiganja.

"Haya, lete ya mama. Kesho naanza upya. Ila safari hii na wewe unafunga."

Nilifunga. Nilikaa getini nikiwafungulia vijana wa pikipiki wanaoleta biriani za watu, na tumbo likinisema. Chumbani walipodai majina ya fainali nikawaambia khalas, Profesa amestaafu. Walinuna. Nami nikaifuta ile programu ya mbio kwenye simu.

Siku ya tatu, Jumatano, mama akaingia chumba cha upasuaji. Alhamisi asubuhi, kabla sijatia kitu kinywani, simu ikalia. Alikuwa yeye mwenyewe, sauti ndogo, akiuliza kama nimekula.

Mungu ni mwema. Fainali imepita, na msiniulize Jimmy alishika namba ngapi, maana sikuangalia.

Ndugu yangu uliyekaa hapo, sikuhukumu. Mtumaini Bwana, hachoki na watu wa aina yetu. Kikapu kitapita sasa hivi. Kabla hujatia karatasi yako, ifungue kwanza uisome.