Ile "Nakuja" ya Koridoni

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, ambaye leo ndiye mgeni rasmi. Mganga Mfawidhi na wakuu wa idara zote. Madaktari, wauguzi, ndugu zangu wa maabara na wa dirisha la dawa. Walinzi wa getini, na nyinyi wa usafi mlioingia humu kabla yetu sote ili ukumbi uwe unang'aa hivi. Wateja wangu wa viti na maturubai, maana nawaona mmejipanga kule nyuma. Na nyinyi wa familia yangu mliokaa safu ya mbele: nawasalimu nyote kwa heshima. Hamjambo?

Aa, hiyo "hatujambo" ya nyuma ina nguvu kuliko ya mbele, na sababu naijua. Mbele tumeweka viti vya mito, watu wameshaanza kusinzia. Najua viti hivyo kwa sababu ni vyangu. Mhasibu alipoambiwa atafute viti vya sherehe ya kuniaga mimi, akapiga simu kwangu, na bila haya akaomba punguzo. Mhasibu, nakuona unacheka. Cheka tu, baba, punguzo ulilipata.

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno machache ya shukrani, nishuke, tule, tuondoke. Lakini Mheshimiwa Mkurugenzi, muda mfupi uliopita, mmemsikia wenyewe. Amesema kwamba mimi, ingawa nastaafu leo, nimeridhia kubaki kwa mkataba wa mwaka mwingine katika chumba cha eksirei. Mkapiga makofi. Wengine mkasimama kabisa. Nami nikatazama safu ya mbele, nikamwona mume wangu, ambaye wengi wenu mnamwita Mwalimu, mikono yake imesimama hewani, haijui ipige makofi au irudi mapajani.

Ndugu zangu, kila aliyewahi kuingia chumba changu anajua maneno ninayomwambia akishasimama mbele ya mashine. Vuta pumzi. Bana. Usitikisike. Basi hapo nilipokuwa nimekaa nilijiambia hayo hayo. Nimevuta, nimebana, na sasa nimefika hapa kwenye kipaza sauti naomba mniruhusu nipumue.

Kwanza, Mkurugenzi hakusema uongo. Nataka hilo lieleweke, asije mtu akatoka hapa na la kwake. Wiki iliyopita tulikutana koridoni, yeye anatoka wodini, mimi natoka kwangu. Akaniambia, "Mama, hospitali bado inakuhitaji. Tukikupa mkataba wa mwaka mmoja, unaonaje?" Wakati huo huo simu inalia mkononi mwangu, na ni wifi yangu, dada mdogo wa Mwalimu, anayesimamia stoo ya viti. Upepo ulikuwa umeng'oa turubai kwenye kikao cha watu, na watu wenyewe wameshaanza kukimbilia barazani. Nikamtazama Mkurugenzi, nikamwambia, "Nakuja." Nikaondoka mbio.

Sasa niambieni nyinyi mnaosema lugha hii kutwa nzima: mtu akisema "nakuja", halafu akageuka akaondoka, amesema nini?

Ehee! Amesema anaondoka. Sisi sote ndivyo tunavyoagana. Mtu anatoka dukani, anasema nakuja. Anakata simu, anasema nakuja. Anakwepa swali, anasema nakuja. Hatuna neno tunalolisema sana tukienda mbali kama hilo la kukaribia. Lakini Mkurugenzi, kwa kuwa ni mtu wa makini na maneno huyachukua yalivyo, alisikia "nakuja", akaelewa kwamba nakuja. Mheshimiwa, wewe ndiye uliyelisikia sawasawa. Sisi wengine ndio tumelizoea vibaya.

Na mimi nimelizoea kuliko wote. Mnajua jina langu la mtaani. Huko nyuma wananiita Mama Nakuja, na hawakunionea.

Nieleze lilipotoka. Tulipokuwa vijana, mimi nimeanza kazi hapa na Mwalimu anafundisha, tulikuwa na seti nzuri ya viti vya sebuleni. Majirani wakavipenda. Jirani akipata wageni, anaazima viwili. Mwingine ana kikao, anaazima vyote. Vikawa vinatoka asubuhi na kurudi vikitaka, kama paka. Siku moja baba mkwe wangu akaja kututembelea bila taarifa. Mzee wa watu, kofia kichwani, bakora mkononi, amesafiri tangu alfajiri. Nyumba nzima haina hata stuli. Tukamkalisha juu ya ndoo tuliyoipindua, tukaitandika kanga ili ifanane na kiti. Mzee akakaa, ndoo ikalia kwaa! Alipoondoka, Mwalimu akaniambia, "Mke wangu, kama viti vyetu vitakuwa vinasafiri hivi, basi na vilipe nauli."

Yeye alikuwa anatania. Mimi nilienda nikanunua vya plastiki na kuanza kukodisha, na "nakuja" zangu zikaanza hapo. Biashara yangu yote, maturubai, meza, vyombo, imetoka kwenye ule mzaha wa Mwalimu, na tangu siku hiyo anajilaumu kwa kufungua mdomo.

Watu huniuliza, hasa nyinyi mabinti wa hapa kazini: mama, umewezaje? Kazi ya kuajiriwa, nyumba, watoto, na biashara juu yake? Mnataka niwape siri. Sina siri. Nilikuwa na mlango. Chumba cha eksirei kina mlango mzito, na nikishaufunga, simu iko kwenye droo, na viti vyote vya dunia viko nje. Aliyeko ndani ni mgonjwa. Alikuja bwana mmoja mkono umevunjika, unaning'inia, jasho linamtoka, na pale pale kwenye mashine akaniuliza, "Mama, lile turubai la Jumamosi lipo?" Nikamwambia, "Baba, humu nashughulika na mkono. Turubai niulize saa kumi nikishatoka." Na saa kumi alikuwa ananisubiri nje, plasta mkononi. Hayuko mbali, amekaa pale karibu na dirisha.

Hivyo kazi iliheshimiwa kwa sababu ilikuwa na mlango. Biashara iliheshimiwa kwa sababu mteja hasubiri, akikosa kiti kwako anakwenda kwa mwingine. Na nyumbani je? Nyumbani hakuna mlango wa namna hiyo, na nyumbani hawahami. Nyumbani watakusubiri. Kwa hiyo katika hao watatu, wa kuambiwa "nakuja" ni nani? Jibu mnalo.

Kitinda mimba wangu, yule pale mwenye gauni la bluu, alipokuwa anaanza kusema, tulipata wageni. Wakati wa kuondoka wakasimama mlangoni, wakamwambia, "Haya mtoto, sema kwaheri." Akapunga kamkono kake, akasema, "Nakuja!" Wageni walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Wakamrekebisha, sema kwa-he-ri. Akapunga tena: "Nakuja!" Alijua kabisa anachosema. Kwa masikio yake, hilo ndilo neno la mtu anayetoka mlangoni.

Wageni walipokwisha kwenda, tunaosha vyombo, Mwalimu akaniambia polepole, "Mtoto hajakosea. Hapa kwetu watu ndivyo wanavyoondoka." Hakununa wala hakupandisha sauti. Akaendelea kusuuza vikombe. Liliniuma lile neno, siwafichi, na nilikwenda nalo kazini kesho yake.

Lakini sikuacha kazi, wala sikuacha biashara, na sisimami hapa kuomba radhi. Mshahara ulilipa kodi ya nyumba, viti vikasomesha watoto, na Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuniambia niache kimojawapo. Yeye alichofanya ni kupika. Alisahihisha madaftari mkono mmoja, mkono mwingine anakoroga sufuria. Wateja wakipiga simu ya nyumbani aliwajibu, "Yuko chumba cha picha, akitoka atakupigia," na hakuchoka kusema hivyo. Akisikika mwanamume anasema mkewe ana mambo mengi, mara nyingi ni malalamiko. Yeye alikuwa anajisifu. Msimamishe na wanaume wenzake kumi, nitamjua kwa aproni. Nampenda sana mwanamume huyu, na kwa kuwa leo nina kipaza sauti, nalisema mbele ya wakubwa zangu. Mwalimu, usiiname, mambo ndiyo hayo.

Sasa nisikilizeni hili, ndipo mtajua kwa nini ile mikono ilisimama hewani.

Mwaka jana binti huyu wa gauni la bluu aliolewa. Viti vyangu, maturubai yangu, meza zangu. Wageni wakawa wengi kuliko tulivyopanga, watu wanasimama, na mimi siwezi kumwona mtu amesimama kwenye shughuli, ni ugonjwa. Nikamwambia Mwalimu, "Nakuja." Nikapanda gari na wifi, tukaenda stoo kuongeza viti. Tuliporudi, tuko bado barabarani, nikasikia vigelegele. Bibi harusi ameingia. Nikaingia na mimi, kwa mlango wa nyuma, kiti kila mkono.

Ile picha ya wazazi na maharusi ipo sebuleni kwetu. Mwalimu amesimama kando ya binti yake, na kushoto kwake kuna nafasi ya mtu mmoja. Mpiga picha alimwambia asogee wakaribiane. Akakataa. Akasema, "Acha hapo, anakuja." Jamani, mimi niliyepiga picha mbavu za mji huu mzima, simo kwenye picha ya harusi ya mwanangu.

Nyumbani hatukugombana. Mwalimu aliniambia jambo moja tu: "Ukistaafu, siku hiyo hiyo ya kuagwa, tukae pamoja, mimi na wewe, kwenye viti vyako, kama wageni. Halafu twende kwa dada." Dada yake mkubwa magoti yamemkatalia, haji tena kwetu, na kila mwaka tumemwambia tunakuja. Mnaona? Hata Mwalimu nimemwambukiza. Nikamwambia Mwalimu sawa. Safari ni Jumatatu, na mabegi yako sebuleni tangu jana, yamefungwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa heshima na kwa shukrani ambayo siwezi kuimaliza, hapana. Sibaki. Sikukujibu vizuri koridoni, nakujibu vizuri hapa. Umenipa heshima kubwa kuniona bado nahitajika, na hospitali hii imenilea tangu sijui hata kushika filamu upande upi. Lakini mkataba huo una mtu wake.

Kimya, inuka. Inuka mama, watu wakuone. Huyu tunamwita Kimya kwa sababu wagonjwa humsimulia maisha yao yote, naye anaitikia kwa kichwa tu mpaka picha imetoka safi. Amekuwa msaidizi wangu muda mrefu kuliko ilivyostahili, na kama ningebaki mwaka mwingine angekuwa msaidizi mwaka mwingine. Haiwezekani mtu anaaga, halafu kiti hakiachii. Hii hapa ni aproni yangu ya risasi, ile ya kukinga mionzi. Nzito, mnaiona. Njoo uichukue. Vizuri. Mabega yatauma mwanzoni, halafu utazoea. Ukifunga mlango, simu kwenye droo. Na ukifungua mlango jioni, nenda nyumbani kweli.

Wifi yangu, na wewe uko wapi? Pale. Biashara siiachi, wateja msinitazame hivyo. Lakini stoo ni yako, na leo hata upepo ukichukua turubai likatua juu ya mnara wa simu, usinipigie. Naona watu wawili wamesimama pale mlangoni hawana pa kukaa. Naona, na naumia, lakini siendi. Mtu mwingine awapelekee viti.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakushukuru. Wakuu na wenzangu wote, nawashukuru kwa miaka ya kazi, kwa chai tulizokunywa zimepoa, kwa siku mlizonishikia zamu bila kuuliza nakwenda wapi. Wagonjwa wangu, nawashukuru kwa kusimama bila kutikisika nilipowaomba. Nimesema mengi, mmenivumilia, na kwa utulivu huo wa masikio yenu asanteni sana.

Sasa mpiga picha, sogea mbele, lakini usipige bado.

Mwalimu, hilo koti uliloliweka juu ya kiti cha pembeni yako tangu asubuhi ili mtu asikikalie, nimeliona tangu naingia. Liondoe.

Nakuja.