Mama Rhoda Syombua, Aliyekubali Kona Inyooshwe

Mama Rhoda Syombua alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali ya misheni Mutomo.

Alizaliwa mwaka wa 1951 huko Matinyani, akasoma hapo hadi darasa la saba, kisha akafanya kazi ya upishi katika shule ya msingi karibu na Mutomo kwa miaka ishirini na sita. Mwaka wa 1972 aliolewa na marehemu Festo Ngumbau, wakajaliwa watoto wawili, Kaveke, na mimi ninayewasomea, Mwongeli.

Tarehe 11 Juni 2017, trela la saruji lilishindwa kukata kona iliyo chini ya shamba letu, likamgonga Kaveke akiwa kwenye baiskeli, akafa papo hapo. Tulimzika mpakani mwa shamba, tukapanga mawe juu ya kaburi bila kujengea simiti, kama tulivyowazika wengine wa nyumba yetu.

Februari 2022 walikuja wapimaji, maana barabara ilikuwa ipanuliwe na kona inyooshwe ili malori makubwa yapite, na kwenye ramani yao kaburi hilo waliliandika rundo la mawe. Mama aling'oa vigingi vyao mara mbili. Injinia alipomwonyesha kwamba ramani haina kaburi, alimjibu, "Ramani yako haikumzaa Kaveke, mwanangu. Mimi ndiye nilimzaa."

Injinia aliomba msamaha, akaeleza kwamba bila kupita hapo kona ingebaki ilivyo. Wazee wa ukoo walikataa kaburi liguswe, lakini baada ya wiki tatu Mama akawaita nyumbani, akawaambia, "Kaveke hawezi kugongwa tena. Watoto wa jirani yetu Kathini bado wanapita hapo kila siku wakienda shule." Akatia sahihi mbele yao. Kaveke alihamishwa tarehe 19 Agosti 2022, Mama akiyabeba baadhi ya mawe yeye mwenyewe, na barabara ikafunguliwa Novemba mwaka uliofuata.

Aliugua figo tangu Agosti 2024. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Kathini aliyempikia uji hadi mwisho, walimu aliofanya kazi nao, na wazee wa ukoo, ambao ndio waliochimba kaburi la leo kando ya la Kaveke.

Pumzika, Mama. Leo saa tatu na dakika ishirini asubuhi, gari lililokuleta kutoka mochari lilipita palipokuwa na kona bila kupunguza mwendo.