Wageni Wasimame

Bibi aliyeketi nyuma ya abiria wawili kwenye basi hakukusudia kusikiliza, ila masikio hayana pazia.

"Nimetoka umisionari ng'ambo, mama, nimechoka," binti alimwambia fundi cherehani aliyekaa naye. "Jumapili mchungaji akasema wageni wasimame, nikajikuta nimesimama. Kanisa nililobatiziwa! Wakanipigia makofi, hata dada yangu. Sirudi tena kanisani pale."

Fundi akacheka. "Basi njoo kanisani kwetu, huko utasimama kwa haki."

"Usinitanie, mama."

"Haya. Dada yako alipiga makofi kwa furaha."

"Kwani ulimwona?"

"Sikumwona. Lakini nami nina dada."

Binti akageukia dirisha. Basi liliposimama, fundi alimshushia begi taratibu, naye binti alikuwa bado hajasema kama Jumapili atarudi kanisani kwake.