Mchele wa Mtu Mmoja

Ndugu waombolezaji, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, kitindamimba wa nyumba yetu, niliyebebwa naye mgongoni.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, akasoma hadi kumaliza sekondari mwaka 1976, akiwa amefaulu masomo yote isipokuwa hisabati, jambo lililomkaa rohoni mpaka uzeeni. Mwaka uliofuata aliajiriwa kupokea simu katika kiwanda cha sabuni, na mliowahi kupiga pale mnaikumbuka sauti yake, ya upole hata kwa wenye kiburi, akastaafu tarehe 30 Juni 2013.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980 na shemeji yetu, fundi saa, wakajaliwa watoto watatu, ambao walikwenda kutafuta maisha mbali, mmoja baada ya mwingine, na juzi wamefika wote, tunashukuru wamefika. Shemeji alifariki mwaka 2016, nyumba ikabaki na dada na redio.

Mwaka 2019 alijiandikisha masomo ya jioni, hisabati ya sekondari, ile inayofundishwa kwa mambo ya maisha, kukadiria rangi ya ukuta, kusoma bili ya maji, kugawanya vipimo vya mapishi, nami nikawa namwita Fomu Foo, akifurahi kweli. Mazoezi yote alipata, ila lile la kukadiria mchele wa chakula cha jioni nyumbani kwako, yeye aliandika wa watu watano, mwalimu wake, yule kijana aliyeketi pale, akamkosesha, akarudia, akaandika watano tena. Kugawanya alijua sana, lakini ndivyo alivyokuwa akipika kila siku, na asubuhi wali uliolala akiwapa kuku wa jirani. Nilimwambia, dada, si uandike mmoja yaishe, akainuka akaenda kuosha mchele, nikajua nimemgusa pabaya.

Mtihani ulikuwa tarehe 11 Novemba 2021, na swali likaja, likitaka kipimo cha mchele wa mjane anayeishi peke yake. Alipotoka alinipigia, akaniambia ameandika mtu mmoja, kisha akakata bila kuaga, yeye aliyeishi kwa kuongea na simu. Jioni ile alimpa jirani sufuria yake kubwa, akanunua ndogo.

Mwezi uliofuata moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, akafariki tarehe 20 Januari 2022, alfajiri, akiwa peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, mwalimu, na jirani aliyeirudisha leo ile sufuria kubwa, imepikiwa tangu asubuhi na bado haitoshi.

Dada, matokeo yametoka jana, umefaulu. Muda umekwisha, weka kalamu chini, upumzike kwa amani.