Kabla Hamjamtoa Mzee Mwakio

Mheshimiwa Diwani Philemon, mgeni wetu wa heshima, Mchungaji Myriam, Sheikh wetu, Bwana Harish, unayetufungulia ukumbi huu kila tukikuomba, wanachama wa Umoja wa Waafrika Mashariki hapa Tottenham, na nyinyi vijana mnaosikia Kiswahili mkajibu kwa Kiingereza: hamjambo nyote.

Nawashukuru kwa maua na kwa maneno matamu ya kuniaga leo ninapoachia kiti. Nimeyasikiliza nikajiuliza huyo Jedidah mnayemsifu ni nani, maana ninayemjua mimi ni yule aliyekuwa akitoka zamu ya usiku hospitalini na kuja moja kwa moja kuamua ugomvi wa nani apike pilau. Nimekuwa mwenyekiti wenu muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye miguu kama yangu. Nimechoka. Ningependa kukaa chini sasa hivi, lakini nikimaliza kusema mtapiga kura ya kumtoa au kumbakiza Mzee Solomon Mwakio katika Umoja huu, na jambo hilo linanizuia kukaa.

Wageni huenda hawajui kisa chenyewe. Sisi hatuwezi kufungua mkutano bila maombi. Hata tukikutana kuzungumzia viti vya plastiki, lazima mtu aombe kwanza. Basi mwezi wa pili tulikuwa humu humu, Mheshimiwa Diwani ukiwa umekaa mbele kama leo, treni zimekwama, mchungaji hajafika, sheikh hajafika, nasi tunatazamana tu. Nikauliza kama yupo mtu wa kutuombea. Mzee Mwakio akasimama. Akaomba wagonjwa wapone, wenye kesi za uhamiaji kule Croydon wapate makaratasi yao, na hasira zilizomo mioyoni mwetu zitoke. Kisha akapiga funda la maji, akayapuliza kidogo mbele yake. Tukadhani yamempalia, dada mmoja akainuka kumpigapiga mgongoni. Tukaitikia Amina mpaka vioo vikatikisika. Mheshimiwa, sauti yako ilikuwa juu kuliko zetu sote, na uliniambia hujasikia maombi kama hayo tangu utoke Machakos.

Wakati wa chai ndipo mtu akamuuliza anasali kanisa gani. Akajibu kwamba hana kanisa. Anasali kama babu zake walivyosali kule Taita, kwa kutasa, yaani kuomba huku ukipuliza maji kutoka kinywani, na yale maji yalikuwa ndiyo sala yenyewe. Akaongeza kwamba siku nyingine huenda msitu wa Epping kusali na Waingereza wanaojiita Wapagani, na yeye haoni vibaya kuitwa hivyo. Jamani, vikombe vilisimama hewani! Watu walioitikia Amina walitaka kuirudisha, kama shati lililowabana, na baadaye baadhi yenu mkaleta hoja ya kumtoa. Lakini nawauliza: wagonjwa tuliowaombea siku ile, kuna hata mmoja aliyekataa kupona?

Hapo ndipo siasa ikaingia. Mheshimiwa, nivumilie, tumetoka mbali mimi na wewe. Kila uchaguzi ukikaribia, vyama hutukumbuka. Msikitini mnavua viatu, hekaluni mnapakwa rangi kwenye paji la uso, kanisani mnacheza na kwaya hata kama mdundo umewapita kando. Ni sawa, karibuni sana. Lakini tulipokialika chama chako kwenye mdahalo wetu, tuliambiwa kwa upole kwamba ingekuwa vyema yule mzee asikae meza ya mbele, kwa sababu ya picha zitakazopigwa. Na wapinzani wako wasichekelee. Kijana wao alinipigia simu kuniuliza hao Wapagani wako wangapi katika kata yetu. Nikamwambia mimi namjua mmoja. Akacheka, akasema basi hakuna tatizo. Vyama vyote viwili vimechapisha vipeperushi vinavyosema vinaheshimu imani zote. Kumbe imani ya watu wachache haimo humo. Nimechoka na heshima inayohesabu vichwa kwanza.

Na sisi je? Mmesahau mlivyohangaika kutafuta chumba cha kusalia kazini? Mmesahau mabinti walioambiwa wavue hijabu, na kanisa lililofukuzwa kwenye ukumbi wa shule eti ngoma zina kelele? Aliyekuwa akifuatana nasi kwenye ofisi za halmashauri, na sare yake ya dereva wa basi, akiwaambia wakubwa watuache tusali, alikuwa Mzee Mwakio. Hakuna dini hata moja kati ya hizo iliyokuwa yake.

Mnajua kutolewa kwenye Umoja huu maana yake nini. Sisi ndio tunaokaa na mfiwa, tunaolala sebuleni kwake, tunaoosha vyombo, tunaobeba jeneza. Mzee Mwakio anaishi peke yake ghorofani tangu mkewe Jennifer afariki. Moyo wake ni mgonjwa, na ameniruhusu niwaambie. Juzi aliniuliza, wala hakuwa analalamika: "Jedidah, wakinitoa, mimi nitazikwa na nani?" Nimeuguza watu maisha yangu yote na nimeulizwa maswali mazito na watu wanaokata roho. Lakini kwa hilo nilienda jikoni kwake nikajifanya naosha vikombe, nikalia.

Mimi ni Mkristo na nitakufa Mkristo. Sikubaliani na Mzee Mwakio, tumebishana mpaka chai ikapoa, na siwaombi nyinyi mkubaliane naye. Sheria ya nchi hii inamlinda aamini anachotaka, ila sheria haiji matangani.

Kura yetu ni ya mikono. Mheshimiwa Diwani, wewe huna kura hapa, lakini najua wapo watakaokutazama usoni kabla ya kuamua. Nakuomba, kwa heshima yote, utazame dirishani. Nyinyi wengine mgeukieni Mzee Mwakio, yule pale mwenye koti la kijivu, kwa sababu mnachopigia kura ni swali lake. Mimi nimeshajibu. Nitamzika, hata kama nitakuwa peke yangu na miguu hii mibovu.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Sasa nyoosheni mikono.