Debe Tupu Siku ya Wakwe

Benchi la Fundi Muhamadi lilikuwa mbele ya kibanda chake cha cherehani, mtaa wa Waislamu pale Gisenyi, na kila asubuhi lilikaliwa na watu wale wale. Sebahire aliitwa Kapiteni kwa sababu aliwahi kufunga kamba za boti kule Rubona. Bizimana aliitwa Redio, na sababu yake ukikaa naye kidogo utaijua. Wote wawili walikunywa kahawa ya Muhamadi, na hakuna aliyewahi kuleta hata kipande cha sukari. Siku hiyo Muhamadi hakuwa na hamu nao kabisa. Wakwe kutoka Bukavu walikuwa njiani kuja kumposa binti yake Zaina, pipa la maji lilikuwa kavu, na wale watoto wa barabarani wanaomletea maji ya ziwa kila kukicha hawakuonekana. Mkwe akae barazani bila kahawa? Afadhali umfukuze kwa fimbo, ataona umemheshimu.

— Fundi, ongeza kidogo, — Kapiteni alisema, akinyoosha kikombe.

— Nikuongezee nini? Birika iko inakauka! Hauone?

Hapo ndipo alipofika Wellars, mwanafunzi wa shule ya Rugerero aliyekuja likizo, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake. Alikuwa amefuata suruali yake iliyoongezwa urefu. Mkononi alishika kikapu cha mandazi, na uso ulikuwa umekunjamana.

— Fundi, batoto ba hii mujini habana adabu, — alisema. — Mwalimu wetu alituambia tufanye tendo la huruma. Bon, nikanunua mandazi. Nikakutana na bale batoto banatoka ziwani na madebe. Nikabasimamisha, nikabafundisha juu ya shukrani.

Muhamadi aliacha kukanyaga cherehani.

— Na madebe?

— Yalikuwa kwa kichwa.

— Yamejaa?

— Yamejaa. Nikabaambia kila mutu aseme “merci, grand frère”, ni kusema asante kaka mukubwa, tusali, halafu bakule. Ule mukubwa wao akaniangalia tu, akamwaga maji yote mu barabara, akasema, “Kula wewe.” Bote bakamwaga. Bakaenda.

Muhamadi alishika kichwa. Kumbe pipa lake lilikuwa limemwagwa barabarani na somo la shukrani!

— Ni greve! Banagoma! — Redio aliruka. — Minakuambia, ni greve. Kuna mutu wa Goma anabafundisha usiku.

— Greve gani? — Kapiteni alimkatiza. — Ni ziwa. Kule chini iko moshi, mi nimeuona unatoka mu maji na macho yangu. Mutoto akiuvuta kila asubuhi, moyo unakauka. Hawezi tena kusema asante.

— Kapiteni, we ulikuwa unafunga kamba tu!

— Nilikuwa nafunga nikiangalia chini!

— Basi sikia. Leo banamwaga maji. Kesho batachagua chifu wao. Kesho kutwa utabeba debe lako mwenyewe na kubalipa kodi.

— Yebabawe! — Kapiteni alimaka, akamalizia kahawa ya mwisho bila hata kutazama birika.

Muhamadi alihisi damu inampanda. Alitamani kuwashona wote wawili midomo kwa uzi wa suruali ya Wellars.

— Mutu mumoja aende kuchota maji! — alifoka. — Bakwe banafika!

Kapiteni alikumbuka mgongo wake. Redio aligusa kofia yake, akauliza kwa upole debe litakaa wapi. Wellars alitazama shati lake jeupe.

— Batoto babaya hawa, — Redio alihitimisha. — Habana shukrani.

— Miaka yote hii banakunywa jasho la Fundi, — Kapiteni aliongeza.

— Nani anakunywa jasho la nani? — Muhamadi aliuliza, lakini hawakumsikia.

Salamu ikasikika nyuma yao. Alikuwa Mzee Sudi, ami yake bwana harusi, ametangulia wenzake kutoka bandarini, joho lina vumbi. Muhamadi alitamani ardhi immeze. Akamweleza yote, maana birika tupu halifichiki.

Mzee Sudi akacheka kidogo.

— Basi si jambo. Nimepita ufukweni sasa hivi, wapo wanacheza. Mtume mtu awaite. Wanaitwa nani?

Kapiteni akatazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alizimika. Wote wakamgeukia Muhamadi, na Muhamadi akafungua mdomo. Watoto wale walikuwa wamemletea maji tangu Zaina hajaanza kuvaa ushungi. Mmoja alikuwa na kovu kwenye nyusi, hilo alilijua. Aliwaita “wewe”, na walipochelewa aliwaita mengine. Jina hata moja hakulijua.

Aliinuka, akachukua debe moja. La pili alimtupia Wellars.

— Beba.

— Mimi? Na shati hii?

— Beba, na mandazi.

Watoto walikuwa mchangani. Walipomwona hawakusogea. Muhamadi aliweka debe chini, akamwendea yule mwenye kovu, mkubwa wao.

— Mi naitwa Muhamadi, — alisema. — Na we?

Mtoto alimpima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni.

— Mbonigaba.

— Asante, Mbonigaba. Ya leo na ya siku zote.

Mtoto alichukua andazi, akauma, akawagawia wenzake. Kisha akajaza debe la Wellars mpaka pomoni, wenzake wakamsaidia kulipandisha, wakamtwika kichwani. Maji yakachuruzika kwenye shati jeupe. Wellars akataka kuondoka, lakini Mbonigaba akasimama mbele yake, mdomo umejaa.

— Ngoja, grand frère. Sasa tuambie tena ile ya shukrani. Yote.